Habari ya Watu Wanne

Mursal alizikwa na watu saba. Asiyeujua mji wa Buna atasema saba wanatosha, maana jeneza hubebwa na wanne. Lakini hapa hata dereva wa kupita, asiyejulikana ukoo wala kwao, akifa kwa homa maduka hufungwa na njia ya makaburini hufuka vumbi kwa miguu ya watu. Siku ile hakuna duka lililofungwa. Walikwenda imamu, ndugu wawili wa marehemu, shemeji yake, wachimba kaburi wawili, na mzee mmoja kiziwi ambaye huenda hakujua anayezikwa ni nani.

Kaltun muuza maziwa aliwahesabu akiwa nyuma ya ua wake wa miiba. Akawahesabu tena. Kisha akaingia jikoni akakaa chini, na binti yake Nasteha alipomuuliza kama anaumwa, akajibu ni jua tu.

Matanga nayo yalikuwa aibu tupu. Turubai lilifungwa, viti vya kukodi vikapangwa mistari minne, chai ikapikwa ikapoa, ikapikwa tena. Siku ya tatu mwenye viti alikuja kuvichukua, na ndugu wa marehemu alipotoa pesa, yule bwana akatikisa kichwa. Hakutaka pesa. Alitaka viti vyake vitoke pale kabla hajaonekana.

Sababu ilikuwa kikaratasi. Waliomuua Mursal walimbandikia kifuani kikaratasi chenye neno moja, jasusi, na anayekwenda kumlilia jasusi naye huwekwa kwenye hesabu. Watu wa msituni, wale wanaopigana na serikali, wana macho mjini, kila mtu anajua hivyo, ila hakuna anayejua macho hayo ni ya nani. Basi watu wakakaa majumbani, wakamwombea Mursal kimoyomoyo, na wengine hata hilo hawakulifanya.

Kaltun peke yake alijua kwamba kikaratasi kile kilibandikwa kwenye kifua kisicho chake.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo mtu wa Buna hahitaji kuelezwa. Anayetoka porini haulizwi kwanza amebeba nini. Anaulizwa habari, naye anaitoa yote: mvua imenyesha wapi, majani yako wapi, ngamia wa nani amezaa, amekuta nyayo gani, amekutana na nani na alikuwa anaelekea wapi. Kuficha ni kukosa adabu, na kwa mfugaji ni zaidi ya hapo, kwa sababu mtu anaweza kuhamisha mifugo yake yote kwa neno lako. Maziwa ya Kaltun yalikuwa mazuri, lakini habari zake ndizo zilizomjengea jina. Alikuwa haongezi wala hapunguzi.

Wiki moja kabla Mursal hajauawa, asubuhi ya Alhamisi, alirudi kutoka kwa kaka yake Rage, anayechunga ngamia wa familia, na madumu yake manne ya manjano. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alimwamuru ayafungue yote. Alichovya kidole katika la kwanza, akanusa, akatema mate, akauliza mbona yananuka moshi, ule wa kufukizia madumu ili maziwa yasichache. Kaltun, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akasema, "Ni masiwa tu, afande, ya ngamia." Askari akachovya kidole kilekile katika madumu yote, moja baada ya jingine, kana kwamba anatafuta kitu kilichozama. Kaltun akafunga vifuniko, akashukuru, akapanda gari.

Penye safu ya akina mama wauza maziwa akaulizwa habari, naye akatoa. Mvua kidogo upande wa mpakani. Ngamia wa Rage, yule mwenye kovu, amezaa dume. Na pale kwenye bwawa la Haro amewakuta wanaume wanne wasio na mnyama hata mmoja, wamevaa viatu vya kufunga kwa kamba, mmoja anachechemea. Wamekunywa maji mbele yake wakaondoka bila kutoa habari. Hilo la mwisho ndilo lililowaudhi akina mama. Mtu gani huyo, aliyelelewa na nani, anayekunywa maji mbele ya mwenzake kisha asiseme anatoka wapi?

Mursal alikuwa amesimama hapo na birika lake, anangoja kujaziwa maziwa ya chai. Aliuliza jambo moja tu: je, maji ya Haro yatafika mwisho wa mwezi? Swali la mtu wa maji, kwa kuwa alikuwa dereva wa lori la maji. Kaltun akamwambia yanafika magotini. Mursal akashukuru, akaenda zake. Siku hiyo alipeleka maji shuleni, zahanati, na kambini kwa askari, kama alivyofanya kila Alhamisi kwa miaka sita.

Adhuhuri habari ya watu wanne ilikuwa imefika kwa kinyozi, hotelini na kwa wauza miraa. Ijumaa asubuhi askari walikwenda Haro. Watatu wakauawa, yule wa kuchechemea akatoroka. Wakati wa kurudi, askari walipita kwa Rage, wakamlaza kifudifudi juani pamoja na wachungaji wake hadi mchana, wakiwauliza kwa nini hawakuleta ripoti. Siku sita baadaye, baada ya sala ya alasiri, pikipiki yenye watu wawili ilifika kisimani ambapo Mursal alikuwa anajaza lori. Walizungumza naye kidogo. Kisha wakampiga risasi.

*

Mumewe Kaltun, Abdihafid, alikuwa karani wa shule, mtu mpole, mwenye kunyoosha shati lake mwenyewe kila asubuhi. Kaltun alipomwambia anataka kwenda kukaa na mjane, hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini, akatazama mlango kama umefungwa.

"Nani mwingine aliyesikia habari ile kutoka kinywani mwako?" akauliza.

"Safu nzima."

"Basi safu nzima inajua. Imenyamaza kwa ajili yako na kwa ajili yao. Wewe ukienda kule, utakuwa umewaambia wote kwa nini umekwenda."

"Faduma amekaa peke yake, Abdihafid. Hata majirani wanapitia nyuma."

"Nasteha ana mtihani mwezi wa kumi na moja," akasema. "Nataka aufanye akiwa na mama."

Kaltun akaokota kile kikombe, akakiosha kwa hasira. Mume akiwa mkali unaweza kugombana naye, lakini huyu alikuwa na haki, na haki yake ilinuka woga, na woga wenyewe ulikuwa wake pia.

Akaendelea kuuza maziwa. Lakini biashara ilikuwa imegeuka. Akishuka garini, akina mama walimwambia "nabad," naye akajibu "nabad," yaani amani, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyeuliza mvua. Hakuna aliyeuliza majani. Mwanamke aliyekaa naye bega kwa bega miaka kumi alikuwa akimpokea dumu na kutazama chini. Wakati mwingine Kaltun alijikuta anapima lita moja na kuiweka kando, halafu anakumbuka hakuna birika la kuijaza. Lori la maji lilipata dereva mwingine. Kila lilipopanda kile kilima cha sokoni, likibadilisha gia kwa ule mkwaruzo wake, Kaltun aligeuka, na ndani hakuwamo Mursal. Aligeuka kila siku. Alijua si yeye, na aligeuka tu.

*

Wiki ya tatu kukawa na baraza. Ofisa wa askari, kijana mwenye uso wa urafiki, alisimama kivulini mwa gari lake, wananchi wakakaa juani. Alisema serikali haina ugomvi na raia. Serikali inataka habari tu. Akatoa namba ya simu, akasema atakayepiga jina lake halitajulikana. Mkalimani akayageuza yote hayo kwa Kisomali, na watu wakatazama miguu yao. Mursal alikuwa amelipeleka lori lake kambini kwao miaka sita, na ofisa hakumtaja hata kwa jina.

Kisha macho yake yakaangukia kanga ya Kaltun.

"Huyu mama namfahamu, ni wa maziwa. Mama, wewe unapita msituni kila siku. Umeona nini huko?"

Uwanja mzima ulimgeukia. Kaltun aliona nyuso alizozijua tangu utotoni zikimtazama kama yule askari alivyoyatazama madumu yake. Akasimama, kwa maana ni adabu kusimama.

"Nimeona ngamia," akasema.

"Na watu?"

"Watu wa ngamia."

Ofisa akacheka, akamwambia mkalimani kwamba watu wa hapa wote ni vipofu, na mkalimani hakutafsiri. Kaltun akakaa. Baraza lilipokwisha, alipoinuka kwenda nyumbani, akina mama walimpisha njia pana.

*

Wiki ya tano alikwenda kwa Rage kuchukua maziwa. Mgongo wa kaka yake ulikuwa bado umebabuka kwa lile jua, na hakupenda kuuzungumzia. Alimsalimia dada yake, kisha akamwambia kwa macho asishangae. Chini ya mgunga, kwenye mkeka wa nyumba, alikuwa ameketi mwanamume mwenye mguu uliofungwa kitambaa.

Kaltun alimjua kabla hajainuka: yule wa kuchechemea. Alikuwa kijana zaidi ya alivyodhani, ndevu hazijajaa. Rage akamwambia dada yake ampe mgeni maziwa. Angefanya nini? Mtu akikaa mkekani kwako na bunduki magotini, ni mgeni. Kaltun akamimina, akampa kwa mikono miwili.

"Ahsante, hooyo," kijana akasema. Hooyo, yaani mama. Akanywa yote, akajifuta. "Mjini kuna habari gani?"

"Nabad," akasema Kaltun.

"Askari ni wengi?"

"Mimi nauza maziwa, mwanangu."

Kijana akatabasamu, wala hakukasirika. Akasema watu wa mjini wasiogope, kwa kuwa wao hawana ugomvi na raia. Wanachotaka ni ukweli tu. Kaltun akajiuliza ameyasikia wapi maneno hayo, akakumbuka: barazani, kwa ofisa.

"Aliyetuuza tumeshamaliza naye," kijana akasema. "Tulimuuliza kwanza, hatukumdhulumu. Alikiri mwenyewe."

Mkono wa Kaltun ulikuwa bado umeshika kibuyu cha maziwa. Hapo, wakati ule ule, ilikuwa nafasi yake. Maneno matatu yangetosha: habari ilikuwa yangu. Aliyasikia kichwani kwa sauti yake ya sokoni, ile isiyoongeza wala kupunguza. Kisha akamwona Nasteha amekaa darasani na kalamu mdomoni, na mdomo wake mwenyewe ukakaa umefungwa. Kijana akarudisha kikombe. Kaltun akakipokea, akakisuuza, akakifunika.

*

"Amekiri," Abdihafid alirudia aliposimuliwa. Alivuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano mabega yake yalishuka. "Basi, Kaltun. Inaelekea kweli alipeleka neno kambini. Mtu hakiri asichokifanya. Umepona, mama Nasteha."

Na kwa muda wa saa moja hivi, Kaltun alipona. Nisifiche, alipika chapati siku hiyo, akamtania binti yake. Aliwaza Mursal akiongea na askari langoni, akipokea sigara, akisema Haro kuna watu. Kadiri alivyomwaza ndivyo alivyozidi kumwona wazi, na ndivyo sigara ile ilivyomsumbua, kwa sababu Mursal hakuwa akivuta. Alikuwa ameibuni sigara ili aweze kulala. Akairudisha chapati sahanini. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, ya kumwua mtu kwa ulimi halafu kumchafua ili nafsi yake itulie.

Kesho yake, maziwa yalipokwisha, hakurudi nyumbani. Alipita njia ya mbele, si ile ya nyuma, mpaka nyumbani kwa Faduma.

Mjane alikuwa ndani ya eda, na eda haimruhusu kutoka mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Alikuwa amevaa nyeupe, amekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka mlangoni, pale kivuli kinapoanzia. Mbele yake palikuwa na sinia la mchele anaouchambua. Hakushtuka.

"Umechelewa, abaayo," akasema. Ndivyo wanawake wa huku wanavyoitana, dada. "Nimekungoja siku thelathini na tano. Ningekufuata mimi, lakini unaona nilivyo."

Kaltun akakaa kizingitini, viatu mkononi. Hotuba aliyoitunga njiani ikapotea yote. "Faduma, wale watu wanne wa Haro..."

"Najua. Mursal aliniambia siku ile ile, alipoleta maziwa. Alisema Kaltun amesema maji yanafika magotini, na kuna watu wanne wasio na adabu. Tukacheka." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Kambini hakusema kitu. Wala hakuna aliyehitaji kusema. Mji mzima ulikuwa unaijua, na kambi inanunua miraa na kunyolewa mjini."

"Wanasema alikiri."

"Kaka yangu alikuwa ameshika mpira wa maji. Alikuwa hatua tatu tu." Sauti ya Faduma haikubadilika, lakini mikono iliacha mchele. "Hawakumuuliza kama alisema. Walimuuliza alisikia kwa nani. Walimuuliza mara tatu. Wakamwambia, taja jina, wewe uendelee na maji yako. Mursal akasema hakusikia kwa mtu. Akasema alipita Haro kutazama maji, akawaona kwa macho yake mwenyewe. Huko ndiko wanakoita kukiri."

Kaltun alisikia yote vizuri. Mtu ambaye alimjua kwa birika, kwa lita moja kila asubuhi na salamu za haraka. Hawakuwa ndugu. Hawakuwa hata ukoo mmoja.

"Nitakwenda kwa imamu," akasema. "Ijumaa asimame aseme jasusi hakuwa yeye, habari ilikuwa yangu mimi. Watu waje kukaa hapa, wamlilie kama mtu. Na wenye bunduki watakaokuja kwangu waje."

"Hutakwenda."

"Faduma, ni jina la mumeo."

"Ni jina lake, na alijua analifanyia nini." Sasa Faduma alimtazama usoni. "Unadhani sikutaka? Wiki ya kwanza nilitaka kupanda juu ya paa nilitaje jina lako mpaka sauti ikatike. Mwanangu ananiuliza baba alikosa nini, na mimi namjua wa kumjibu, anapita sokoni na madumu yake. Nilikuchukia, Kaltun. Bado nakuchukia, Mungu anisamehe. Lakini ukisema, watakuja wakuchukue, na Mursal atakuwa amekufa bure. Mimi siwezi kumpoteza mara mbili. Utanyamaza. Utanyamaza mpaka ufe, na mimi nitakaa na jina la mke wa jasusi mpaka nife."

"Basi nifanye nini?"

Faduma alivuta sinia, akaligawa lile lundo la mchele mara mbili kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Hapo hapo mlangoni, ukionekana. Kila siku ukimaliza kuuza, mpaka eda yangu iishe. Husemi kitu. Wakikuuliza, unasema umekuja kukaa na mwanamke aliyefiwa. Wakikuogopa, waache. Mimi nimezoea, nawe utazoea."

Kaltun alielewa anachoombwa. Kusema kungekuwa kwepesi, tena kungekwisha siku moja. Akavuta sehemu yake ya mchele, akaanza kuchambua, bega moja kivulini na jingine barabarani. Vijiwe vilikuwa vingi. Wasichana wawili waliokuwa wakija na punda wa maji walimwona kwa mbali, wakamvuta punda upande wa pili wa barabara. Muuza duka wa jirani alichungulia, akarudi ndani, akachungulia tena.

Adhana ya alasiri ikasikika. Wanaume wakaanza kupita kwenda msikitini, wawili wawili, na walipofika mbele ya nyumba ile walinyamaza na kuongeza mwendo. Kaltun hakushusha uso. Miongoni mwao alimwona mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri, anatembea peke yake. Abdihafid alimwona mkewe, akasimama nusu hatua. Midomo yake ilicheza. Halafu akawatazama waliokuwa nyuma yake, akaondoa macho, akapita bila salamu, kama walivyopita wengine.

Kutoka ndani, Faduma, ambaye hakuweza kuona barabara kutoka alipokaa, akasikia nyayo zilivyosita.

"Nani huyo alitaka kusimama?" akauliza.

Kaltun akatoa kijiwe kingine kwenye mchele. Akasema hakumwona vizuri, jua lilikuwa linampiga usoni.